Milimita Moja Ndani ya Jicho

Mhadhara wa hadhara uliotolewa kwa wakazi wa Landless, Thika



Wagonjwa wa mtoto wa jicho wanaotoka huku kwetu, kuanzia Landless na Makongeni hadi Ruiru, huuliza sana kama upasuaji unauma. Lakini swali wanalolirudia hata baada ya kupewa tarehe ni jingine: "Hicho mnachoniwekea ndani hakitahama?" Likijibiwa hilo, linafuata la pili: "Kitakaa miaka mingapi kabla hakijaharibika?" Wapo wahudumu wanaoyachukulia maswali haya kama woga wa mtu asiyesoma. Mimi nayaheshimu sana, kwa sababu ndiyo maswali ambayo watafiti wa London, Barcelona, Salt Lake City na hapa jirani Kikuyu wamehangaika nayo kwa zaidi ya miaka 70. Leo nitayajibu kwa kirefu, na mwisho wake mtaona kwamba sehemu ya jibu iko mikononi mwenu.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachowekwa. Nyuma ya mboni kila mtu amezaliwa na lenzi yake, ukubwa wake kama kunde, angavu, nayo imefungwa ndani ya kifuko chembamba mno. Lenzi hiyo ikiingia ukungu, huo ndio mtoto wa jicho. Hakuna ngozi iliyoota juu ya jicho, na hakuna dawa ya matone inayousafisha ukungu huo, hata kama anayeiuza sokoni anaapa. Daktari hukifungua kifuko upande wa mbele, huitoa lenzi iliyoharibika, hukiacha kifuko mahali pake, kisha humo ndani huweka lenzi ya plastiki. Sehemu yake ya kuonea ina upana wa milimita 6 hivi. Ukihesabu na vikono viwili vinavyoishikilia, inafika milimita 12 au 13.

Jicho halitolewi. Nalitamka hili waziwazi kwa sababu uvumi umewaacha watu gizani bila sababu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti kutoka Kwale, kule pwani, uliowauliza watu kwa nini walikataa upasuaji wa bure, na uvumi ulikuwa mojawapo ya mambo makubwa yaliyowazuia. Na hasara yake si ndogo. Uchunguzi uliofanywa Nakuru mwaka 2005 kwa watu wa miaka 50 na zaidi ulikuta wawili katika kila mia ni vipofu wa macho yote mawili, na mtoto wa jicho peke yake ulisababisha karibu asilimia 42 ya upofu huo. Huo ni upofu unaoondolewa kwa muda usiotosha kutoka hapa hadi katikati ya Nairobi kwa matatu.

Sasa, wazo la kuweka plastiki ndani ya jicho la mtu lilitoka wapi? Lilitoka vitani. Mwaka 1940, marubani wa Uingereza walipopigwa risasi angani, vifuniko vya ndege zao vilipasuka na vipande vikawaingia machoni. Vifuniko hivyo vilikuwa vya plastiki ngumu iitwayo Perspex. Daktari mmoja wa macho wa London, Harold Ridley, alitambua jambo la ajabu: vipande hivyo vilikaa ndani ya macho ya marubani miaka na miaka bila jicho kuvipinga, wala kuvimba kila mara. Kumbe kuna kitu ambacho jicho linakivumilia. Ridley huyohuyo alikuwa amefanya kazi Afrika Magharibi wakati wa vita, akichunguza upofu wa mtoni kule Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo. Baada ya vita mwanafunzi mmoja alimtazama akitoa mtoto wa jicho, akasema ni masikitiko kwamba hakuna lenzi nyingine ya kuweka pale. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', Ridley alijaribu kuiweka kwa mara ya kwanza. Tarehe 8 Februari 1950 aliipandikiza, safari hii ikabaki.

Mgonjwa wake, mama wa miaka 45, aliona. Lakini aliona vya karibu tu, kwani nguvu ya lenzi, inayopimwa kwa dayopta, ilipita kiasi kwa zaidi ya dayopta 15. Waliotengeneza walikuwa wamefuata mviringo wa lenzi ya asili, na plastiki hupinda mwanga kuliko nyama ya lenzi. Tena lenzi yenyewe ilikuwa na uzito wa zaidi ya miligramu 100, mara kadhaa kuliko za leo, wala haikuwa na vikono. Ilikalia kifuko tu, na katika macho ya wagonjwa kadhaa ilizama nyuma. Kwa hiyo mgonjwa wa Landless anayeuliza kama lenzi itahama anauliza kitu kilichowahi kutokea kweli.

Naomba mzingatie kwamba kitu chenyewe, ile plastiki, kilikuwa salama tangu siku ya kwanza. Kilichokosewa ni kipimo: nguvu, uzito, mahali pa kukaa. Wakubwa wa taaluma, Sir Stewart Duke-Elder miongoni mwao, walimpinga Ridley kwa miaka mingi, na upinzani wao haukuwa wivu mtupu. Macho yalikuwa yakiumia. Ridley alipewa heshima zake akiwa mzee. Alipandikizwa lenzi katika macho yake yote mawili, hospitali ileile ya St Thomas', na mwaka 2000 akapewa cheo cha Sir, mwaka mmoja kabla hajafa.

Waliomfuata walijaribu njia nyingine, na hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote. Walisema: kama lenzi inazama nyuma, basi tuiweke mbele, kati ya konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, na ule mviringo wenye rangi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari kama Strampelli wa Italia waliweka lenzi hizo za mbele. Barcelona, Joaquín Barraquer alipandikiza mamia yake, kisha akalazimika kutoa karibu nusu. Daktari aliyekubali kuandika hadharani kwamba ametoa nusu ya kazi yake anastahili kushukuriwa na kila mtu anayeona leo kwa lenzi ya kupandikizwa.

Kwa nini zilishindikana? Kwa sababu chumba cha mbele cha jicho hakilingani kwa watu wawili. Lenzi ikiwa fupi kuliko chumba, inazunguka kila mtu anapogeuza kichwa, ikisugua. Ikiwa ndefu, inabana pembeni, pale ambapo maji ya jicho hutokea, na presha ya jicho inapanda. Katika hali zote mbili wanaoumia ni askari wasioonekana: upande wa ndani wa konea kuna tabaka moja la seli, kwa mtu mzima wastani wa seli 2500 hadi 3000 katika kila milimita ya mraba, ambazo kazi yake ni kusukuma maji nje ili konea ibaki angavu. Zikifa hazizaliwi nyingine. Mtu huona vizuri mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, na seli zinapungua kimyakimya. Siku idadi inaposhuka mno, konea inavimba na kuwa nyeupe, na hapo hakuna miwani itakayomsaidia.

Ndiyo maana nasema lenzi haihukumiwi siku bendeji inapotolewa. Marekani, mtaalamu wa magonjwa ya tishu aitwaye David Apple alitumia maisha yake kukusanya lenzi zilizotolewa kwa wagonjwa na macho yaliyotolewa sadaka na watu waliokufa, akiyapasua na kutazama kwa hadubini kila kikono kiligusa nini. Kazi kama hiyo ndiyo iliyoonyesha kwa nini aina fulani za lenzi za mbele, zenye vikono vilivyofungwa kama kitanzi, zilikata tishu polepole, na katika miaka ya 1980 zikaondolewa sokoni. Kazi hiyohiyo ilithibitisha kwamba mahali pema pa lenzi ni ndani ya kifuko kilekile alichoumba Mungu, ambako haigusani na kitu chenye mishipa.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza, la kuhama: lenzi ikiwekwa ndani ya kifuko kizima, kifuko husinyaa na kuikumbata katika wiki chache, na kuhama baada ya hapo ni nadra. Unaweza kuinama shambani, kubeba ndoo, kupiga chafya. Lakini wiki za mwanzo zina masharti, na yeyote anayekwambia ufikiche jicho hata mara moja hakutakii mema.

Nguvu ya lenzi ni jambo jingine, na hapa ningependa tupige hesabu kidogo, hasa kwa walimu walioko. Jicho la mtu mzima lina urefu wa wastani wa milimita 23.5 kutoka mbele hadi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wamarekani watatu, Sanders, Retzlaff na Kraff, walichukua matokeo ya watu waliokwisha kupasuliwa, wakarudi nyuma na kutengeneza fomula. Chukua namba ya aina ya lenzi, tuseme 118.4. Toa urefu wa jicho mara 2.5. Toa nguvu ya konea mara 0.9. Kwa jicho la milimita 23.5 na konea ya dayopta 43.5, unapata lenzi ya dayopta 20.5. Sasa refusha jicho liwe milimita 25.5, usibadilishe kingine. Jibu linakuwa 15.5. Milimita mbili zimekula dayopta tano.

Zamani katika kambi nyingi za upasuaji duniani, mashine ya kupimia haikuwepo, na kila mtu aliwekewa lenzi ya dayopta 21 au 22. Kwa wengi ilitosha. Lakini huyo mwenye jicho refu aliyewekewa 21 atakiona chakula kwenye sahani yake, na uso wa mjukuu aliyesimama mlangoni utabaki ukungu. Akirudi nyumbani majirani watasema upasuaji haukufanya kazi. Ulifanya kazi, kipimo ndicho kilichokosekana. Leo kipimo cha ultrasaundi ni cha dakika chache na hakiumi. Ukiandikiwa upasuaji, uliza kama jicho lako litapimwa urefu. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Fomula zimeboreshwa tangu wakati huo, hasa kwa macho mafupi sana na marefu sana, na zote zina tabia moja: zinajifunza kutokana na matokeo. Ile namba ya 118.4 si amri ya mbinguni. Kila hospitali inaweza kuirekebisha ikilinganisha lenzi iliyowekwa na jinsi mgonjwa anavyoona miezi baadaye. Mgonjwa asiporudi kupimwa, namba inabaki ile iliyotokana na macho ya Wamarekani. Akirudi, anasaidia lenzi ya jirani yake ikadiriwe kwa macho ya watu wa hapa.

Hili si nadharia. Idara ya macho ya hospitali ya PCEA Kikuyu ni mojawapo ya mahali ambapo utafiti huu ulifanyika kwa uzito katika Afrika Mashariki. Mwaka 1999 David Yorston na Allen Foster walichapisha ukaguzi wa matokeo ya upasuaji wa kawaida wa kuweka lenzi pale Kikuyu, wakati ambapo wengi walidai kwamba Afrika itosheke na kutoa mtoto wa jicho na kumpa mtu miwani mizito. Mwaka 2002, wakiwa pamoja na Stephen Gichuhi na Mark Wood, waliuliza swali la busara sana: je, kuandika matokeo ya kila mgonjwa na kuyatazama mara kwa mara kunaboresha kazi yenyewe? Jibu lilikuwa ndiyo. Idadi ya waliopata kuona vizuri iliongezeka kadiri ukaguzi ulivyoendelea. Kwangu mimi huo ndio utafiti wenye thamani kubwa zaidi katika eneo hili, na ulihitaji kalamu, kadi, na wagonjwa waliokubali kurudi.

Wengi hawarudi. Nauli ni sababu, kibarua ni sababu, na ukweli kwamba mtu akishaona haoni haja ya kurudi ni sababu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa hospitali 40 katika nchi 10, za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulioonyesha kwamba ubora wa hospitali unaweza kukadiriwa hata kwa kupima uonaji siku chache baada ya upasuaji. Ni habari njema kwa anayesimamia hospitali. Kwa anayetaka kujua kama lenzi ni salama, haitoshi. Nitawaeleza kwa nini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na lenzi laini ya kukunjwa iliyoitwa Hydroview. Ilipita majaribio, ikauzwa, watu wakaona. Kisha, miezi na hata miaka baadaye, katika macho ya baadhi yao lenzi yenyewe ikaanza kuwa nyeupe, ikifunikwa na chembe za chokaa. Uchunguzi uliwafikisha watafiti mahali ambapo hakuna aliyepatazamia: kifungashio. Kipande cha silikoni kwenye chombo ilimohifadhiwa lenzi kiliacha kitu juu yake, na kitu hicho kikavuta chokaa. Hakuna daktari angeliona siku ya tatu. Waligundua kwa sababu wagonjwa walirudi na kwa sababu kila lenzi ilikuwa na namba yake, ikaweza kufuatwa hadi kiwandani.

Kila boksi la lenzi lina stika ndogo kadhaa zenye aina ya lenzi, nguvu yake na namba yake ya pekee. Moja hubandikwa kwenye faili, nyingine ni ya kadi yako. Idai hiyo stika. Itunze na kitambulisho chako. Ikiwa miaka kumi ijayo utahitaji kutibiwa Mombasa au Doha, daktari wa huko atajua ndani ya jicho lako kuna nini.

Nimesikia watu wakisema lenzi za bei nafuu ni za majaribio kwa maskini. Nalipinga hilo kwa nguvu zangu zote. Miaka ya 1980 lenzi moja iliweza kuzidi dola 100, na kwa bei hiyo mama wa mtaa wa Kiandutu asingeipata kamwe. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianzishwa Madurai, India, kikashusha bei hadi karibu dola 10. Mwaka 1994 kiwanda kingine kilifunguliwa Asmara, Eritrea, kutokana na juhudi za daktari Fred Hollows wa Australia, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Lenzi huhukumiwa kwa viwango vya kimataifa, vinavyojulikana kwa namba ISO 11979, vinavyosema plastiki isafishwe vipi, vikono vivumilie kukunjwa kiasi gani, mwanga upite kwa usafi gani, na majaribio kwa binadamu yafuatiliwe vipi. Bei haimo katika viwango hivyo. Cha kuogopwa ni lenzi isiyo na boksi, stika wala namba, hata ikiuzwa ghali.

Kuhusu swali la pili, la miaka: plastiki ya kisasa yenye ubora hukaa maisha yote. Watu husema "mtoto wa jicho umerudi" wakiona ukungu baada ya mwaka au miaka miwili. Lenzi haijaharibika; ni kifuko kilicho nyuma yake kilichoingia utando, na utando huo hutobolewa kwa leza bila kisu. Usikae nao nyumbani ukidhani umeshindikana.

Vijana wameanza kuuliza kuhusu lenzi nyingine, inayowekwa mbele ya lenzi ya asili kwa mtu asiyeona mbali, ili aache miwani. Hapa nasema tahadhari. Lenzi ile huja kwa saizi nne, 12.1, 12.6, 13.2 na 13.7, kwa milimita. Ikiwa ndogo mno, inalala juu ya lenzi ya asili na inaweza kumletea kijana wa miaka 25 mtoto wa jicho. Ikiwa kubwa mno, inasukuma mbele na kufunga njia ya maji. Nafasi inayotafutwa kati ya lenzi hizo mbili ni takriban robo hadi robo tatu ya milimita, na jicho huwezi kulipima ndani kwa kutazama nje. Upana wa konea ni makadirio, ultrasaundi au skani ya ndani ni bora. Aina mpya ina tundu dogo katikati, milimita 0.36, linalopitisha maji, na Marekani iliiruhusu Machi 2022. Ni maendeleo mazuri. Lakini anayefanyiwa ana jicho zima linaloona kwa miwani, kwa hiyo hatari kidogo inayovumilika kwa mzee kipofu haivumiliki kwake. Anayekupa bei kabla hajakuonyesha vipimo, muage.

Nije kwa wanaofanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya Ndarugo na Juja, na mafundi wa kuchomelea. Jiwe au chuma kikipasua jicho, mara nyingi hupasua na kile kifuko nilichokisifu. Hapo lenzi haina mahali pa kulala. Zipo mbinu: kuishona ukutani mwa jicho, au kutumia lenzi yenye makucha inayoshika mviringo wenye rangi, iliyobuniwa na Mholanzi Jan Worst katika miaka ya 1970. Lakini zote ni za pili kwa ubora na zinahitaji kufuatiliwa maisha yote. Miwani ya kinga ni bei ya chakula cha siku chache. Waajiri waliomo humu ukumbini, nawaomba muinunue kabla ya wiki kuisha.

Nimalizie na watoto, kwa sababu Thika ni mji wa watoto wasioona. Shule ya wasioona ya Salvation Army ya hapa ilianzishwa mwaka 1946, na imewalea vizazi. Baadhi ya watoto huzaliwa na mtoto wa jicho. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, na litakua hadi 23 na ushei. Ukimpa lenzi inayomfaa leo, itamzidi nguvu kesho. Kwa hiyo daktari humwekea kwa makusudi lenzi iliyopungua, na pengo hujazwa kwa miwani inayobadilishwa kadiri anavyokua. Mwaka 2001 timu ya Kikuyu ilichapisha matokeo ya watoto waliopasuliwa pale, na kuonyesha kwamba lenzi inaweza kuwekwa kwa watoto wa Afrika Mashariki hata pale ambapo kurudi kliniki mara kwa mara ni kugumu. Lakini ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo tu. Mtoto aliyechelewa hadi miaka saba, lenzi bora kuliko zote haitamrudishia yote. Mkiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, au jicho moja haliwafuati, msingoje Jumapili mchungaji aombe kwanza. Aombe mkiwa njiani kwenda hospitali ya Thika Level 5.

Mwenye kadi ya upasuaji wa zamani, hata iliyochakaa, ailete hapa mbele. Tutaisoma pamoja, na kama haina stika tutaandika tarehe na hospitali, tumpime leo jioni anaona mstari wa ngapi.